Vizibo vya Mzee Gathecha

Tulimzika Mzee Gathecha mwezi wa Julai, katika shamba lake la Kalimoni, alikohamia uzeeni, siku ambayo ukungu haukuondoka hadi karibu na adhuhuri. Mimi ndiye niliyeombwa kusoma Neno kaburini, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, na kwa kuwa mjane wake alisema hataki mwingine. Lakini asubuhi ile, tulipokuwa tumejipanga nje ya chumba cha maiti pale Thika, fikira zangu hazikuwa kwenye Neno. Madereva waliwasha magari kwa pamoja, na katika baridi ile kila injini ilipaza sauti, ikakimbia pale pale iliposimama, kama injini inavyopaswa kufanya ikiwa bado baridi. Zilipopata joto sauti zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki moja mwisho wa foleni ambayo haikushuka. Nikajikuta nimegeuza kichwa kuitafuta. Mama Wairimu, mjane, aliyeketi kando yangu garini amejifunga kitambaa cheusi, akanigusa goti. "Hata wewe umeisikia?" akasema. "Angekuwa hai angeshateremka." Tukacheka sisi wawili huku wengine wakilia, na namshukuru Mungu kwa kicheko kile, maana ndicho kilichonirudisha kwenye mwaka ambao nimekuwa nikijiahidi kuuandika.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na nilikuwa najifunza ufundi wa magari kwa Mzee Gathecha. Gereji yake ilikuwa Thika, nyuma ya viwanda, kiwanja kilichozungushiwa mabati, sakafu ya udongo uliokuwa mweusi na mgumu kwa mafuta ya miaka mingi. Yeye mwenyewe aliishi Ruiru, ambako alikuwa amejenga nyumba ya mawe na, nyuma yake, mstari wa vyumba vya mbao vya kupangisha. Kimoja alinipa mimi. Kila asubuhi tulipanda pikapu yake kwenda Thika na kila jioni tukarudi, kwenye barabara ya zamani, kabla haijapanuliwa. Chumba changu kiligawana ukuta na jiko la Mama Wairimu, na ukuta wenyewe ulikuwa ubao mmoja tu, kwa hiyo nilijua kila siku kinachopikwa kabla hakijaiva, na nilijua wanachosemezana, ingawa sikutaka kujua. Nikifumba macho sasa nausikia ule ubao: kisu kinakata majani ya sukuma, mfuniko unatikisika juu ya githeri ya mahindi na maharagwe, na mama anaimba wimbo wa kanisani akisahau maneno katikati na kuyajaza kwa "mm-mm". Ulikuwa mwaka mwema, naona leo. Wakati ule sikuuona. Nilikula nikiwa nimesimama. Miguu yangu ilitikisika chini ya benchi wakati wa mahubiri mpaka mama aliyekaa mbele akageuka kunitazama. Rafiki yangu mmoja alikuwa ameniandalia nafasi katika gereji kubwa ya Nairobi, mahali ambapo walishughulikia magari mapya, yale yasiyo na kabureta, yanayopuliza petroli kwa umeme, na mkoba wangu ulikuwa chini ya kitanda, umeshafungwa. Nilikuwa naufungua kutoa shati na kuufunga tena.

Kitu kimoja tu kilinizuia. Siku zile fundi hakuondoka kwa mkubwa wake kama mtu anayeshuka kwenye basi. Mkubwa wako alikunawisha. Mbele ya mafundi wenzako alishika birika la maji ya moto, akakumiminia mikononi na sabuni ya unga mpaka grisi yote ikatoka, kisha akakuombea na kukupa spana moja kutoka sanduku lake. Kwetu kijana ndiye anayemnawisha mzee kabla ya chakula. Mzee hamnawishi kijana, na ndiyo maana siku ya kunawishwa watu waliacha kazi wakaja kutazama. Asiyenawishwa alijulikana. Hata Nairobi, kabla hujapewa koti la kazi, wangekuuliza, "Nani alikunawisha?" na usingeweza kudanganya, kwa sababu mafundi wanajuana kuliko ndugu.

Gari la Muthoni lilikuja mwezi wa Februari, wakati wa joto. Muthoni alikuwa na duka la vitambaa pale Ruiru, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa, na kaka yake alipohamia ng'ambo alimwachia gari jekundu la milango miwili, la chini kiasi kwamba ulilazimika kuinama kuzungumza na dereva, lenye taa zinazochomoza kutoka kwenye boneti kama macho ya chura. Lilikuwa tayari limezeeka, lakini Thika nzima haikuwa imeona la namna ile. Siku ile lilikuwa linavuja maji tu. Mzee alibadilisha mpira uliopasuka, na alipokuwa mle ndani alifanya alichofanyia kila gari lililopita mikononi mwake: alifungua kifuniko pale paipu ya rejeta, ile ya kupoza maji, inapoingia kwenye injini, akachomoa thamostati, akaitupa kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililokuwa juu ya meza. Kopo lilikuwa linakaribia kujaa. Yeye aliziita vizibo. "Hiki ni kizibo cha nchi za baridi," alimwambia Muthoni, kama alivyowaambia wote. "Kinazuia maji mpaka injini ipate moto. Sisi tuna jua. Jua la Thika linachemsha chai bila makaa." Sitaki mtu amcheke. Alikuwa ameona magari mengi yakichemka pale mlima wa Juja kwa sababu kizibo kimekwama, injini nzima imekufa, mwenyewe ameketi kando ya barabara ameshika kichwa. Kutoa kizibo kulikuwa huruma yake. Mafundi wote niliowajua walifanya hivyo na wengine wanafanya hadi leo.

Mvua za Aprili zilipoanza Muthoni akarudi. "Mzee, gari yangu inalia."

"Inalia vipi?"

"Nikisimama, haisimami. Inanguruma kama inataka kuruka ukuta. Jana hapo stage ya Ruiru mama mmoja ameacha ndizi zake akakimbia. Ananiambia, 'Wewe Muthoni, ukitaka kuniua niambie kwanza nivae vizuri.'"

Kwa Mzee Gathecha hakuna boneti iliyofunguliwa kabla mgeni hajanywa chai. Alisema gari ni chuma, linaweza kungoja, mtu hawezi. Kwa hiyo Muthoni alizima gari, akapewa kikombe na andazi, wakazungumza habari za watoto na za kanisa, na kikombe kilipokwisha Mzee akaenda akawasha. Gari likanguruma kidogo, likashuka, likatulia kama paka. Mzee akamtazama Muthoni. Muthoni akalitazama gari. "Inanidharau," akasema. Mutiso, fundi mwenzangu, Mkamba wa kutoka mashariki ya Thika ambaye mdomo wake haukujua likizo, akasema, "Hiyo gari inamwogopa Mzee. Ikimwona inakumbuka amri kumi." Muthoni akaenda zake, na alipofika Ruiru likaanza kulia tena.

Ndivyo ilivyokuwa Aprili yote, na Mei. Na ilikuwa Mei ambapo nilimwendea Mzee nikamwambia nataka kuondoka. Nilichagua vibaya wakati, maana Muthoni ndio kwanza alikuwa ametoka pale kwa hasira. Mzee aliendelea kufuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Gari la Muthoni likitulia, nitakunawisha." Mutiso akapiga mluzi. Mimi nikafurahi. Nilidhani ni kazi ya wiki moja.

Nilikaza skrubu, nikalegeza skrubu. Nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kutafuta mahali injini inaponyonya hewa ya wizi, maana injini ikipata hewa isiyotakiwa hukimbia. Nilibadilisha gasketi, zile karatasi ngumu zinazoziba viungo. Nikishusha mngurumo pale Thika, Muthoni alifika Ruiru salama, lakini kesho yake, akiondoka kwetu baada ya chai, gari lilizimika kila aliposimama. Nikiupandisha, Ruiru wakakimbia. Muthoni akaniambia maneno ambayo niliyachukia kwa wiki nzima kabla sijayaelewa: "Kijana, wewe unatengeneza gari ya Thika. Mimi naendesha ya Ruiru." Na Mutiso kila asubuhi akiniona nashuka kwenye pikapu: "Kamau! Bado uko? Wewe kila siku unaondoka na kila siku uko, kama moshi wa kuni mbichi." Usiku sikulala vizuri, mchana sikukaa. Niliomba, lakini maombi yangu yalikuwa ya mtu anayemvuta Mungu koti. Nikiyakumbuka leo naona Bwana alinivumilia sana. Nilimtaka alitulize gari la Muthoni upesi, ili mimi niende nikahangaike Nairobi.

Kisha Julai ikaja na baridi yake, na siku moja ya Jumatano mwenye kuleta maziwa hakuja. Hakukuwa na chai. Mzee alikuwa amekwenda kutafuta vipuri mjini. Muthoni aliingia uani akiwa amejitanda shuka, na alipoambiwa hakuna chai akasema, "Afadhali. Leo sizimi. Leo mtaisikia hivyo hivyo." Na kweli, kwa mara ya kwanza tulilisikia. Lilinguruma mpaka vikombe vitupu vilitikisika mezani. Nikafungua boneti likiwa linalia. Fundi hujifunza mapema kuogopa paipu ya juu ya rejeta. Gari likitoka safari ndefu, paipu ile ni moto mtupu, unaishika kwa kitambaa au huishiki. Nikainama, mguu wangu ukateleza kwenye tope, na mkono wangu wazi ukaishika paipu ile kunizuia nisianguke. Nikafumba macho nikingoja kuungua. Sikuungua. Ilikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto.

Nilisimama pale nimeshika paipu kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. Gari lilikuwa limetoka Ruiru hadi Thika bila kusimama, na halikuwa limepata joto. Ndipo nikakumbuka choki. Magari tuliyoyajua yalikuwa na kifundo cha choki kwenye dashibodi: asubuhi ya baridi unakivuta, injini inakimbia, ikipata joto unakirudisha mwenyewe. Gari hili halikuwa na kifundo. Nikatazama kando ya injini, nikaona tundu dogo la hewa nililokuwa nimelipita mara nyingi, na chini yake paipu nyembamba ya maji. Nikaliziba tundu kwa kidole gumba. Mngurumo ukashuka. Nikakitoa, ukapanda. Gari lilikuwa na choki yake ya ndani, inayofungwa na joto la maji peke yake, na maji hayakuwa na joto, kwa sababu hakuna kitu kilichoyazuia kukimbilia kwenye rejeta na upepo wa barabarani. Kila likipewa nafasi ya kusimama limezimwa, huku mwenyewe akinywa chai, joto la chuma liliingia kwenye yale maji yaliyotulia, choki ikafunga, na sisi tukaliona zima. Chai ya Mzee ndiyo iliyoficha ugonjwa. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa ndani ya kopo juu ya meza.

"Umeona nini?" Muthoni akauliza. "Mbona umebadilika hivyo?"

"Nipe siku kidogo, dada," nikamwambia.

Jioni ile nilikaa kitandani na kipande cha ngwaci, kiazi kitamu, mkononi, sikukila. Njia rahisi ilikuwa wazi mbele yangu. Ningesubiri Mzee atoke, nirudishe kizibo kimoja mahali pake, nifunge nati mbili, na gari litulie, ninawishwe, niende. Hakuna ambaye angejua. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemwambia mzee wa umri ule, mbele ya Mutiso, kwamba alichofanyia magari yote ya Thika kilikuwa kosa, na sikuwa na hakika kwamba mtu aliyeaibishwa hivyo angeshika birika la kunawisha. Nilikuwa nawaza hayo wakati ubao ulipoanza kusema.

"Mbona umemfunga mtoto wa watu?" Mama Wairimu alikuwa anauliza. Kisu kilikuwa kinakata.

"Sijamfunga."

"Umemfunga na gari ambalo wewe mwenyewe limekushinda."

Kisu kikanyamaza. Nikasikia kiti kikisogezwa. "Mama Wairimu," Mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia gerejini, "siku hizi sioni ufa kwenye gasketi. Yeye ndiye macho yangu. Akienda nitakuwa mzee wa kupapasa."

"Basi mwambie hivyo."

"Nitamwambiaje?"

Kisu kikaanza tena. Niliweka ile ngwaci chini. Nilitamani nisingekuwa nimesikia, kwa sababu mpaka dakika ile nilikuwa nimeweza kumkasirikia. Mtu unayemkasirikia unaweza kumtoroka. Kwa siku mbili nilitembea kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu. Nilidondosha vitu. Mutiso alinitazama akasema, "Huyu ameshika mimba," na sikumjibu, jambo lililomtia wasiwasi zaidi. Jumamosi, tulipokuwa tunafunga, nilichukua lile kopo nikalipakata ndani ya pikapu. "Unalipeleka wapi?" Mzee akauliza. "Nataka kuangalia kitu, Mzee." Akatazama barabara.

Alipokwenda kwenye kikao cha wazee kanisani niliingia jikoni. Mama Wairimu alikuwa amepika githeri ya njahi, yale maharagwe meusi, na jiko la pili lilikuwa na makaa mazuri. Nikachukua sufuria, nikatia maji, nikamimina vizibo vyote ndani.

"Kamau! Hiyo ni ya uji!"

"Nitaiosha, Mama."

"Grisi ya gari haioshwi na 'nitaiosha'. Haiya! Unapika nini, pesa za Wazungu?"

Kweli vilifanana na sarafu nene, kila kimoja na chemchemi yake mgongoni. Vililala chini ya maji vimefunga midomo. Nikamweleza Mama nilichokuwa natafuta, kwa sababu nilihitaji kumweleza mtu, na yeye akavuta kigoda akakaa, mwiko mkononi. Maji yalipoanza kutoa mvuke hakuna kilichotokea. Nikataka kuchochea makaa, akanishika mkono. "Ngoja," akasema, "hata mahindi hayaivi kwa kutazamwa." Ndipo kimoja kikasogea. Kikafungua mdomo pole pole, kikagonga upande wa sufuria, *tik*. Kisha kingine. Kisha sufuria nzima ikaanza kugongagonga kama mvua ya kwanza kwenye bati, na hapo ndipo Mzee alipoingia, koti lake la kanisani bado liko mabegani.

"Mnapika nini?"

"Muulize mwanao," Mama Wairimu akasema. "Mimi nimeambiwa nisitie chumvi."

Nilisimama. "Mzee, gari la Muthoni halipati joto. Ndiyo maana linakimbia. Lina choki ya ndani, inangoja joto, na joto haliji. Kizibo chake kiko humu." Mzee alichuchumaa mbele ya jiko, akasogeza uso karibu sana na mvuke, karibu kuliko mtu mwenye macho mazuri angehitaji, akatazama. Baada ya muda akauliza, "Vyote vimefunguka?"

"Isipokuwa viwili."

"Viwili," akasema. "Basi viwili nilivitoa kwa haki." "Umejua lini?"

"Jumatano. Nilishika paipu ya juu, sikuungua."

"Na ungeweza kukirudisha kimyakimya. Ningekunawisha, ukaenda."

"Ningeweza, Mzee."

Alivua kofia yake, jambo ambalo hakufanya ila kanisani na wakati wa chakula, na akaiweka kwenye goti. "Mama Wairimu, pakua," akasema. Na kabla ya kula aliomba, ombi fupi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiomba, yeye aliyejulikana kwa kuombea serikali na ng'ombe kwa majina: "Bwana, asante kwa mkono ambao haukuungua." Tukala githeri. Mama aliniongezea bila kuuliza.

Jumatatu tukarudisha kizibo. Mimi na Muthoni tukaendesha kutoka Thika hadi Ruiru katika baridi, na nilitazama mshale wa joto ukipanda, ukafika katikati, ukakaa. Alipoingia stendi ya Ruiru akasimama, mguu umekaza breki kama kawaida yake, bega limejikunja. Gari likashuka, likatulia. Muthoni akageuza ufunguo kuliwasha tena, na stata ikakwaruza kwa sauti ya kutisha. "Imezima!"

"Haijazima, dada. Inaendelea."

"Mbona siisikii?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

Akaweka mikono kwenye usukani. Yule mama wa ndizi alikuwa anatutazama kwa mashaka. "Unajua mguu wangu ulivyochoka?" Muthoni akasema mwishowe. "Miezi yote hii nimekuwa nikiizuia hata nikiwa nimesimama."

Nilirudi Thika nikikimbia, kipande cha njia kwa miguu kwa sababu sikuweza kungoja gari la kunibeba. Birika lilikuwa tayari motoni. Mzee alikuwa ameita watu: Mutiso, mafundi wa kiwanja cha jirani, hata mama wa chakula. Hakuwa mtu wa kurudisha neno lake. Nikakunja mikono ya shati, nikanyoosha viganja vyangu juu ya karai, na pale mezani, nyuma ya bega lake, nikaliona kopo. Vizibo vilikuwa vimeoshwa, vimekaushwa, vimepangwa.

"Mzee, na hivi?"

"Hivi ni vyangu," akasema. "Nitavirudisha mwenyewe, polepole. Wewe nenda."

Sijui mpaka leo nilichofikiri. Nilijua macho yake. Nikajua kila kizibo kinahitaji gasketi, na kila gasketi ina ufa au haina. Nikarudisha mikono nyuma. "Tumalize kwanza," nikasema.

"Aiee!" Mutiso akapaza sauti. "Tangu Mei huyu analia afunguliwe mlango. Sasa mlango uko wazi, anauliza kama viti vimefutwa vumbi!"

Ningependa kuandika kwamba tangu saa ile nilikuwa na amani. Sikuwa nayo. Kabla ya juma kwisha nilijuta, na ujumbe ulipokuja kutoka Nairobi kwamba nafasi imepewa mwingine, nilitupa spana ukutani na bati likabonyea, na bonyeo lile lilibaki pale mpaka gereji ilipobomolewa. Lakini nilibaki, na nikaona kitu ambacho mahubiri mengi hayakuwa yamenionyesha. Mzee Gathecha alisimama kanisani Jumapili iliyofuata, mbele ya watu ambao nusu yao alikuwa amewatengenezea magari, akasema alichofanya. Kisha kila jioni, badala ya kwenda nyumbani moja kwa moja, tulipita kwa wateja, Thika, Juja, Ruiru, hadi Kiuu. Alikijua kila kizibo na gari lake. Alibisha mlango, akavua kofia: "Nilikutolea kitu ambacho hakikuwa kibovu. Nimekuja kukirudisha." Wengine walimcheka. Wengine walikataa, wakasema gari linatembea vizuri, usiliguse. Wachache hawakurudi tena gerejini. Mama mmoja mzee mwenye gari la mboga alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee wangu, hata mimi kuna meno niliyotolewa bure, na daktari hajawahi kuyarudisha. Ingieni mnywe chai." Mimi nilifungua nati, nikaangalia nyufa, nikafunga. Miguu yangu iliendelea kutikisika, lakini mikono ilikuwa na kazi.

Desemba, kabla ya Krismasi, alininawisha. Maji yalikuwa ya moto mno, na kwa ubovu wa macho yake nusu ya maji aliyamwaga kwenye shati langu, na hakuna aliyecheka, hata Mutiso. Alinipa spana namba kumi. Mwaka uliofuata nilifungua kijibanda changu mwenyewe pale pale Ruiru, na kila Jumamosi, kwa miaka aliyobaki kazini, nilikwenda Thika kumwonea nyufa. Hakuwahi kuniambia maneno aliyomwambia mkewe. Haikuhitajika, na nadhani alijua ubao ulivyo mwembamba.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wanakula nje chini ya hema, Mama Wairimu aliniita ndani. Juu ya meza aliweka sufuria, ile ya uji, na chini yake duara jeusi ambalo sikuweza kuliosha mwaka ule wala yeye miaka yote iliyofuata. Ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kimefungwa kwa gazeti.

"Ni cha ile pikapu ya kijani," akasema. "Ya yule mtu wa kuuza nyasi. Alihama, Mzee hakumpata. Kila tukiona pikapu ya kijani barabarani ananiambia, 'Mama Wairimu, nisomee namba.' Hata macho yalipokwisha kabisa. 'Ni ya kijani hiyo inayopita?' Namwambia, 'Ni lori.'"

"Alisema nipewe mimi?"

"Hakusema. Alikiacha dirishani." Akanitazama kama anavyomtazama mtu mzito wa kuelewa. "Kwani nani mwingine?"

Nilipofika nyumbani Ruiru nilitia maji kwenye sufuria ile ile, aliyonipa pamoja na kizibo, nikawasha moto, nikakitia kizibo ndani. Kililala chini, kimefunga mdomo, na kutu kidogo pembeni. Maji yalianza kutoa mvuke. Mkono wangu ulikwenda kwenye moto, kuuongeza, nikaurudisha. Nikasimama pale, mzee mwenye suti ya mazishi, nikamshukuru Mungu kwa jiko, kwa ubao, kwa chai iliyokosa maziwa siku moja. Sikujua kama kingefunguka baada ya miaka yote ile.

*Tik.*

Nimekikausha, nimekifunga tena kwenye gazeti, nimekiweka garini kando ya usukani. Kesho ninarudi Kalimoni kumwona Mama Wairimu, na kwenye barabara ile kuna pikapu nyingi za kijani.